Chuma Kilipogoma

Wenzangu kazini hunikwepa asubuhi, maana nina mdomo. Lakini huwa nawafokea kwa jambo moja tu: chuma kikigoma ardhini, usiandike kitu. Sogea hatua moja, piga tena. Kazi yetu ya kupima miteremko ndiyo hiyo. Tunasimamisha chuma chenye ncha, tunakiangushia nyundo, tunahesabu mapigo mangapi yamekizamisha sentimita kumi. Mawili matatu, udongo ni laini. Kikigoma kabisa, huenda ni mwamba, huenda ni jiwe moja tu limejikalia humo ndani.

Jumatatu tuliitwa kwenye kilima anakoishi dada yangu. Kipande cha mteremko kilikuwa kimeporomoka na kufukia banda la kuku la jirani yake. Halikuwa poromoko la kutisha, kina chake mita moja na nusu. Tukachimba ukingoni, kisa chote tukakiona: juu udongo mwepesi, chini udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Manyunyu ya siku nne yalikuwa yamelowesha ule wa juu, ya tano ikapiga mvua kubwa saa nzima, maji yakafika kwenye mfinyanzi yakakosa pa kwenda. Na huko chini, jirani alikuwa ameukata mteremko apate uwanja. Udongo ukateleza kama mkeka kwenye sakafu yenye sabuni.

Mkuu wangu, mama mmoja mpole asiyejua kuniogopa, akauliza ni nyumba gani nyingine imekatiwa mteremko namna hiyo. Nikajifanya nasafisha nyundo. Jamani, nilijua. Ya dada.

Miaka miwili nyuma, kabla hajajenga, alinibembeleza nimpimie. Nikapiga kwenye mteremko, nyuma ya pale alipotaka chumba cha watoto, chuma kikagoma kwenye sentimita sitini. Sikusogea hatua. Jua lilikuwa kali, dada alishaniita chai mara mbili, nami nilitaka kuonekana bingwa mbele ya shemeji. Nikawaambia ni mwamba, kateni bila wasiwasi. Shemeji akanibatiza Profesa, na hadi leo ananitambulisha hivyo kwa wageni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamweleza mkuu kila kitu, uso unaniwaka. Hakunisema. Alibeba nyundo mwenyewe, tukaenda.

Dada alitupokea kwa bashasha, akanitania kwamba kitambi kimenitangulia mlangoni. Nikazunguka nyuma, nikasimamisha chuma hatua moja tu kutoka pale pa zamani. Pigo la kwanza, sentimita kumi na tano. La pili hivyo hivyo. Mita nzima tuliimaliza kwa mapigo tisa, na tulipokichomoa kilikuwa kinachuruzika tope.

Dada hajui kusoma vipimo vyetu, lakini macho anayo. Akaniuliza ule mwamba wangu uko wapi.

"Lilikuwa jiwe, dada. Sikupiga mara ya pili."

Niliona haya, tena nilijichukia. Nikaanza kumwaga maneno, mara mfinyanzi, mara mifereji, mara ukuta wa kuzuia, maneno kibao. Mkuu akanikatiza, akamwambia dada waziwazi kwamba mvua ikirudi, mtu asilale kwenye chumba kile. Na wingu lilikuwa limeshajikusanya ng'ambo ya kilima.

Dada akanitazama. Nilitamani anitukane, walau ningepumua.

"Ungeniambia hujui," akasema, "ningekusubiri mpaka ujue."

Kisha akaingia ndani kutoa magodoro ya watoto. Nilipomfuata nishike upande wa pili, akamwita mkuu wangu ndiye amsaidie.