Konsetina Haikai kwa Bubu

Tangu mumewe azikwe, Khonzaphi hakuweza kukaa akatulia. Akiketi, mguu ulimtikisika. Akisimama, alitafuta cha kupangusa. Kwenye zahanati alikofanya kazi ya uuguzi walifaidika, maana kabati la dawa lilipangwa upya kila mara. Nyumbani, bintiye Nokuphiwa alikuwa amechoka.

"Mama, hiyo sufuria umeisugua tangu asubuhi. Itatoboka."

"Ikitoboka nitanunua nyingine."

Kilichomnyima utulivu kilikuwa juu ya kabati la chumbani, kimeviringishwa ndani ya blanketi: konsetina ya marehemu Bhekisisa, kinanda kidogo cha mkononi chenye mvukuto. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, shemeji yake Mfaniseni alitangaza kwamba siku mjane atakapovuliwa nguo nyeusi, yeye ataichukua aende nayo Johannesburg. "Konsetina haikai kwa bubu," alisema, na wazee wakaitikia. Ndivyo ilivyo huku Msinga, kwa Wazulu. Chombo hupewa anayejua kukipiga, na Khonzaphi hakujua hata kukishika.

Picha za mumewe alikuwa nazo tele. Alichokitaka ni ile kelele. Miaka yote ya ndoa Bhekisisa alirudi nyumbani akipiga njiani, ukaijua hali ya moyo wake kabla hajafika langoni. Sasa jioni zilikuwa kimya hadi unasikia maji yakichemka chumba cha pili.

Basi atajifunza. Lakini mjane aliyevaa nyeusi hagusi chombo cha marehemu kabla ya kutakaswa, tena hapaswi kupaza hata sauti, na Khonzaphi hakuwa mtu wa kuvunja miiko miwili kwa mpigo. Alichagua kuvunja mmoja. Alikwenda mjini Greytown, akanunua konsetina mpya dukani, akawa anajifunza ndani ya gari, vioo vimefungwa, karibu na mto Thukela.

Ni chombo chenye hila. Kitufe kilekile ukisukuma kinasema hivi, ukivuta kinasema vile, kama mtu anayekukubalia mbele ya watu na kukukana pembeni. Vidole vilimgongana. Pumzi ya mvukuto iliisha katikati ya wimbo, mikono imetanuka kama anayepima kitambaa. Mbuzi waliozoea kula majani pale walihama.

Mama mkwe wake, MaDladla, alijua.

"MaMchunu," alimwita kwa ukoo wa baba yake, kama ilivyo heshima kwa mke, "kuna paka anakanyagwa huko mtoni kila jioni."

"Labda ana majonzi, mama."

"Mwambie alie polepole. Mimi masikio yangu mabovu, lakini majirani je?"

Majani yalipoanza kukauka, Khonzaphi aliujua wimbo wa njiani wa mumewe tangu mwanzo hadi mwisho, hata akiwa amefumba macho.

Siku ya kutakaswa ilifika. Ng'ombe alichinjwa, nguo nyeusi zikachomwa, Khonzaphi akavaa kofia yake nyekundu ya mke. Blanketi likafunguliwa. Mfaniseni akanyoosha mkono.

"Ngoja, shemeji. Nitaipiga mimi."

"Wewe? Hiyo si sindano, shemeji!"

Watu wakacheka. Khonzaphi akaketi, akaweka vidole mahali pake, akavuta.

Kilichotoka kilikuwa wazimu. Palipostahili kupanda palishuka. Palipostahili kushuka palipiga yowe. Akaanza upya. Yaleyale.

"Umejifunzia wapi?" Mfaniseni aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Kwenye ya dukani."

"Ya dukani! Jamani, shemeji amejifunza Kizungu!"

Ua mzima ukaangua kicheko, na Khonzaphi akahisi masikio yanawaka. Hapo ndipo alipoelewa. Mwanamume wa Kizulu akinunua konsetina huipeleka kwanza kwa fundi, ikafunguliwa, vibati vyake vya sauti vikahamishwa huku na kule hadi iseme Kizulu. Bhekisisa alimweleza hayo mara nyingi, naye alisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za injini.

"Ilete, shemeji." Mkono bado ulikuwa umenyooshwa. Jumapili ungepanda nayo basi la Johannesburg.

Khonzaphi hakuweza kuendelea kuketi. Aliinuka, akaanza kutembea akibonyeza kitufe kimoja kimoja, kusukuma, kuvuta, kinachofuata. Anayepiga hanyang'anywi chombo. Hata mlevi hafanyiwi hivyo. Akalizunguka zizi. Sauti ya kwanza ya wimbo akaipata. Ya pili ikajitokeza kwenye kuvuta. Ya tatu ikamkimbia.

"Shemeji, simama!"

"Sijamaliza."

"Hujaanza!"

"Basi sijaanza."

"Mwache atembee," MaDladla akasema akiwa mkekani. "Mwanangu hakuwahi kuipiga hiyo akiwa ameketi."

Khonzaphi akazunguka tena, na tena, akikosea palepale. Mfaniseni alimfuata nyuma, mkono mbele, na kila kosa lilipofika alikunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Sicho hicho," akasema mwishowe.

Khonzaphi akakibonyeza tena.

"Sicho hicho, MaMchunu! Cha chini yake! Kidole kidogo! Vuta, usisukume!"

Akavuta. Sauti ikaja, nzima, ileile ya njiani. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Haya," MaDladla akasema, "mwalimu amepatikana."

"Mwalimu gani? Mimi nimekuja kuchukua..."

"Kinachofuata ni kipi?" Khonzaphi akauliza bila kusimama.

Mfaniseni aliutazama mkono wake kama mtu aliyesahau aliunyoosha kwa nini. Kisha akauteremsha hadi kwenye vitufe na kukionyesha kimoja.

"Hicho. Sukuma. Polepole, mama, unakimbilia wapi?"

Khonzaphi aliongeza mwendo, maana akisimama, shemeji angekumbuka.