Mgeni Ambaye Hajatoka

Mkaguzi mpya alianza na ndoo za mchanga. Alizihesabu, akachovya kidole kuhakikisha mchanga ni mkavu, akaandika. Akapima madirisha kwa futi kamba, akainua magodoro, akanusa shuka kama mpishi anavyonusa maziwa ya jana. Mwenye nyumba alimfuata nyuma, funguo amezifumbata zisilie. Leseni yake ya kulaza wageni ilikuwa inaisha mwisho wa wiki, na bila muhuri wa mtu huyu mlango wa mbele ungepigwa kufuli.

Wageni walimwita Mama Funguo. Nyumba ile aliachiwa na shangazi yake: vyumba sita, ukumbi, na ua wa kuanikia. Msaidizi wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyefua shuka na kusema lolote lililomjia mdomoni.

"Yule wa zamani alikuwa anakagua chai tu," wifi alinong'ona. "Akimaliza kikombe, nyumba imepita."

"Huyu hata maji amekataa."

"Basi tumekwisha."

Lakini nyumba ilikuwa safi, na mkaguzi hakuwa mtu wa kutafuta chawa kwenye kipara. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoketi mapokezini na kuomba daftari la wageni, na mengine ya zamani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akayapanga yote tisa mezani, yakiwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Mama, huyu mgeni wa chumba namba nne. Kila daftari linaanza naye."

"Kanuni inasema daftari likijaa, ambaye hajatoka ahamishiwe jipya."

"Ndivyo inavyosema, na umeifuata kuliko wengi niliowaona." Akainua macho. "Ameingia miaka kumi na tisa iliyopita. Yuko wapi?"

Mama Funguo alitazama kalamu. Wifi ndiye aliyejibu, beseni kiunoni: "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sisi tulimpa mke."

Mkaguzi alitabasamu, kisha akaona kuwa mwenye nyumba hatabasamu, akaacha.

Mgeni yule alikuwa fundi wa mizani. Alikuja na sanduku la mawe ya kupimia, akaomba chumba cha siku tatu atengeneze mizani za maduka ya mtaa ule. Siku ya tatu akakuta mizani ya jikoni mwa Mama Funguo nayo imepinda. Akaitengeneza kwa wiki nzima. Walipooana, bibi harusi alifungua daftari amwandikie tarehe ya kutoka, fundi akamshika mkono. "Nani kakwambia natoka?" Nafasi ile ikabaki tupu, wakacheka, na kwa miaka kumi na miwili ikawa utani wao. Daftari likijaa, yeye husoma, mkewe huandika: chumba namba nne, ameingia, hajatoka.

Kisha, miaka saba iliyopita, Mama Funguo alitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya leseni hii hii. Aliporudi adhuhuri kitanda kilikuwa kimetandikwa na sanduku la mawe halipo. Zilikuja barua mbili, fupi, zisizo na anwani ya kujibia. Halafu kimya. Tangu hapo amelihamisha jina lile peke yake, mara tatu, kwa mwandiko uleule. Katika chumba namba nne hakulazwa tena mtu.

"Basi andika kuwa ni chumba changu mimi," alisema.

"Vitabaki vitano. Chini ya sita leseni haitoki." Mkaguzi alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Mama, mstari ulio wazi maana yake kuna mtu chumbani. Siku nyumba ikishika moto, zimamoto watalishika daftari hili kwanza. Wataingia namba nne kumtafuta. Mtu anaweza kufa akimtafuta asiyekuwepo."

Mkaguzi aliyafunga madaftari, akaliacha la sasa tu.

"Nakwenda kuangalia vyoo na tangi la maji," alisema akiinuka. "Nikirudi nitaandika nitakachokikuta. Mstari umejazwa, nitaandika umejazwa. Uko wazi, nitaandika uko wazi."

Mama Funguo alikaa kwenye kiti alichokiacha. Akashika kalamu. Akaiweka.

"Andika tu, wifi," dada mtu alisema.

"Nikiandika nimemfukuza."

"Mtu aliyeondoka kwa miguu yake hafukuzwi."

"Hakuaga. Angekuwa ameondoka kweli, angeaga. Angalau angejaza hapa. Alikuwa anajua kitabu kinakaa wapi."

Wifi aliteremsha beseni. Alijifuta mikono kwenye kanga, akarudia kuifuta ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Alitaka kujaza."

"Nini?"

"Asubuhi ile. Alisimama hapo ulipo, kalamu mkononi. Mimi nilimnyang'anya daftari. Nikamwambia, mwenye kitabu hayupo, msubiri arudi, umuage, akuandike mwenyewe. Akasema akikuona hataondoka. Nikasema, basi si usiondoke! Akachukua sanduku lake." Alilisukuma beseni pembeni kwa mguu. "Nilidhani nikiliacha wazi atarudi kulifunga. Ni kaka yangu, wifi. Nami nilikuwa nasubiri humo humo kwenye mstari wako."

Ukutani saa ilikwenda. Uani mkaguzi alisikika akigonga tangi kwa kifundo cha kidole. Kwa miaka saba Mama Funguo alikuwa ameishikilia nafasi ile tupu kama neno la mumewe, kumbe lilikuwa la wifi. Alingoja hasira ije. Kilichokuja ni njaa, njaa ya asubuhi ambayo yeye hakuwepo.

"Alivaa shati gani?"

"La bluu. Lile lenye kola iliyogeuzwa."

Kola ile aliigeuza yeye, kwa mkono, uzi usioonekana. Aliitazama kichwani, ikitoka mlangoni, ikiteremka ngazi, kisogo juu yake.

"Alikuwa amenyoa?"

"Alikuwa amenyoa."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa kitu kizito akipokee. Kisha akaandika tarehe, ile ya kweli. Kwenye anakokwenda akaandika: hakusema. Kwenye sahihi ya mgeni alitia ya kwake.

Mkaguzi aliporudi alisoma mstari ule kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Hakuuliza. Aligonga muhuri.

"Chumba namba nne kiko wazi kuanzia leo," alisema. "Kipate hewa."

"Na akirudi?"

"Ataandikwa upya, kama mgeni yeyote."

"Chumba kilekile?"

"Kama hakina mtu. Kikiwa na mtu, utamwambia kimejaa."

Alipoondoka, wanawake wawili waliingia namba nne wakafungua dirisha. Shuka zilikuwa na mikunjo ya miaka, ngumu kama karatasi. Wifi alishika pembe mbili za shuka moja, Mama Funguo mbili, wakasogeleana kuikunja kama walivyozoea, mikono ikakutana, na kwa muda hakuna aliyeachia.

Baadaye Mama Funguo alisimama mapokezini akiutazama mlango wa mbele.

"Samahani," alijaribu. "Kimejaa."

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka, lakini kama ya mtu anayekaribisha.

"Ukimwambia hivyo," wifi alisema kutoka ukumbini, "atakaa hapa kwenye benchi asubiri kifunguliwe."

Mama Funguo alilifikiria jambo hilo: benchi, sanduku la mawe miguuni, shati la bluu.

"Basi na yeye asubiri kidogo," alisema, akaenda kutafuta shuka safi.