Mhubiri Mstaafu Mbele ya Kamera

Watu wa televisheni walipofika Kanazi kuwatafuta waliokuwa waumini wa Safina ya Mlimani, mimi Methusela niliwapokea nikiwa nimevaa koti langu la harusi, jua la mchana likiniunguza. Safina ndilo kundi lililotukataza hospitali, shule na pombe ya ndizi. Tuling'oa migomba yetu ya pombe tukangoja mwisho wa dunia. Dunia haikuisha, ila migomba iliisha, na mke wangu Adventina akarudi kwao Mabawe.

Shemeji yangu Privatus aliniletea sharti lake: "Dada anasema atarudi siku utakapolikana kundi lile hadharani, watu wote wakusikie." Sasa kuna hadharani zaidi ya televisheni? Nikasema Mungu si Athumani.

Mtangazaji, binti mmoja anaitwa Rozina, aliniamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini ulitoka Safina?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nyumbani tunasema Kihangaza. Kiswahili changu cha sokoni kinatosha kuuza maharage. Lakini Kiswahili cha kusimama mbele za watu nilijifunza mahali pamoja tu, jukwaani kwa Safina, nilikokuwa mhubiri. Basi kamera ilipowashwa nilisimama, nikainua mkono, nikanguruma: "Wapendwaaa!"

Nililikana kundi lile kisawasawa. Nilipandisha sauti, nikaishusha, nikanyamaza palepale ambapo zamani watu waliitikia. Mpiga picha akaitika, "Amina!" Nilijiona nimewaweza.

Kipindi kilirushwa Jumapili alasiri. Tulijazana kwenye kibanda cha Benedicto tunakotazamia mpira. Adventina alikuja na kaka yake, akakaa benchi la mbele, amejifunga kitenge kipya. Moyo wangu ulicheza ngoma. Mzee mzima nilikuwa nimeshafagia uani na kununua sabuni ya kunukia.

Nikatokea kwenye kioo. "Wapendwa, likimbieni kundi lile!"

Vijana walicheka, wakaitikia kwa utani, "Amina!" Mara ya pili waliitikia wengi zaidi. Mara ya tatu hapakuwa na utani tena, na watu wazima walikuwa wamesimama. Nami, nikiri tu, nilikuwa naisogeza midomo pamoja na yule Methusela wa kwenye kioo, namwonea wivu kwa ufasaha wake.

Kipindi kilipoisha, bibi Kankindi alijikokota hadi nilipo, akapiga magoti.

"Mtumishi, mguu huu haunipi usingizi. Niombee."

Adventina aligeuka kunitazama. Nilijua la kusema, na nililisema, Mungu ni shahidi: "Bibi, nenda hospitali." Tatizo ni kwamba nililisema mkono wangu ukiwa kichwani pake, macho nimefumba, na sauti ni ile ile. Kibanda kizima kikajibu, "Amina!"

Nilipofumbua jicho moja, benchi la mbele lilikuwa wazi. Nje pikipiki ya Privatus ilikuwa inawashwa, ikakataa, ikawashwa tena. Pikipiki ile ni mbovu, ningeiwahi hata kwa kutembea. Nampenda Adventina, tena sana. Lakini watu walikuwa wameinamisha vichwa, kimya, wananingoja mimi, na hakuna kitu kitamu duniani kama kungojwa hivyo.

Nikafumba jicho, nikamalizia sala kwanza.