Mahudhurio ya Watu Arobaini na Mmoja

Chakula cha mchana cha bei moja kwenye mgahawa wa Kigiriki pale Mbweni huanza saa sita na nusu: pweza wa kuchoma, saladi yenye jibini nyeupe, samaki mzima kwa limau na mafuta ya zeituni, kisha kipande cha keki ya asali. Shilingi elfu tisini na tano kwa kichwa, maji ya kunywa mbali.

Tangu masika, mteja akimaliza samaki, miba hujipanga sahanini ikawa sahihi ya mtu. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mwalimu Theonest, ile yenye mkia mrefu uliopinda kurudi nyuma. Mteja aliyeipata aliomba limau jingine. Wahudumu wakazoea. Waliagizwa tu wasikwangue sahani mbele ya wageni.

Mhudumu Naima ndiye aliyezitambua kuwa ni za watu wa mtaa wake. Kufikia Julai alikuwa amehesabu arobaini. Akampelekea bibi yake, Bi Tunu, orodha.

"Imebaki yako tu, bibi."

"Na juu ya majina? Juu pameandikwa nini?"

"Samaki hawajafika huko."

Kwa asiyejua, au aliyejua akaamua kusahau: miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya Jumanne, kampuni ya mradi iliwaita watu wa mtaa huu kwenye banda la shule, ikawapa pilau na soda, ikapitisha karatasi. Juu paliandikwa kuwa ni mahudhurio ya chakula. Watu arobaini na mmoja wakasaini, maana asiyesaini hakupakuliwa. Afisa akaondoka nayo, akakata ukanda wa juu kwa rula, akabandika mwingine: wananchi walioridhia njia ya pwani ifungwe. Njia ikafungwa. Ukuta mweupe ukasimama, mgahawa ukajengwa ndani yake, na wanawake waliokuwa wakishuka kuchokoa pweza maji yakitoka, leo wanazunguka saa nzima kwa mguu. Kesi ya kudai njia ilipangwa Jumatatu. Mtaa ukachangishana elfu tisini na tano, Bi Tunu akale.

Bi Tunu alifika Ijumaa na kanga zake za kutokea.

"Karibu sana, madam," alisema Naima.

"Madam mamako. Mie nilikufundisha shikamoo."

"Shikamoo, bibi. Taratibu, bosi anasikia."

"Marahaba. Na asikie."

Hakutulia. Alihama viti viwili, akasimama, akaketi tena, mguu ukigonga sakafu mahali njia ilipokuwa ikipita. Pweza alimwonja mara moja akamsukuma.

"Huyu hakupigwa vya kutosha. Mmemwonea haya?"

Akaletewa changu. Alimla kwa mkono, akamfyonza mpaka macho. Miba ilianza kusogea kabla hajanawa. Changu hana uhaba wa miba. Ilichukua kama dakika nne. MAHUDHURIO. CHAKULA CHA MCHANA. WATU 41. Chini kabisa, kwa miba ya mkiani, sahihi ya Bi Tunu mwenyewe.

Meneja Erasmus alikuja, akasoma, akainama kwa adabu.

"Umemaliza, mama? Nikutolee?"

"Gusa uone."

"Sawa, mama. Chakula umelipia. Ila sahani ni ya mgahawa."

"Jumatatu mtaipata."

"Isiporudi, namfuta Naima kazi. Si mimi, ni utaratibu."

Jumatatu Bi Tunu aliifikisha sahani kwenye baraza la ardhi, imefunikwa kawa. Mwenyekiti alisoma mara mbili, akaomba dirisha lifunguliwe kwa sababu ya harufu. Alikubali kwamba maandishi yanasomeka, na hesabu ya watu inalingana na ile ya kampuni.

"Ila kielelezo hiki hakina muhuri," akasema. "Karatasi yao inao."

"Samaki atautoa wapi muhuri, baba?"

"Ndiyo hoja yangu, mama."

Kesi ikafutwa kabla ya adhuhuri. Watu wa mtaa walibaki nje wakipishana kauli, huyu akisema rufaa, yule akisema tukaubomoe ukuta, mpaka karani akawaomba wasogee, anafunga geti.

Bi Tunu akaipeleka sahani Mbweni, imeoshwa. Mlinzi wa mgahawa akamsogezea daftari.

"Saini hapo, bibi, ndiyo uingie."

Bi Tunu akaliangalia daftari juu, akaangalia chini, akarudi juu.

"Mbona juu hapana kitu?"

"We saini tu. Wote wanasaini."

Jua lilikuwa la utosi. Kwa geti lililo wazi alimwona Naima akipita na sinia, akimtupia jicho. Kisha akashika kalamu, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: KURUDISHA SAHANI MOJA, BASI. Chini yake akasaini.

Mlinzi alipokea daftari kwa mikono miwili na kumshukuru. Akatoa rula mfukoni, akaipanga chini ya yale maneno, akakata ukanda wa juu polepole, bila hasira.

"Ukurasa wetu unaanzia kwenye majina, bibi," akaeleza. "Karibu ndani."