Asante ya Fundi Mapipa

Katika Kaunti ya Marlow, Virginia, mwaka 1799, kura haikuwa siri. Mtu alipanda ngazi za mahakama, akasimama mbele ya sherifu na kutaja kwa sauti jina la anayemtaka aende Bungeni, huku wagombea wenyewe wameketi pale pale mezani wakimtazama usoni. Aliyetajwa alinyanyuka, akainama, akasema asante. Ambaye hakutajwa alibaki kuangalia kucha zake. Ndiyo maana Absalom Rudd, fundi mapipa, hakuwa amelala vizuri tangu Februari.

Mwezi huo Daktari Lemuel Thorne alikuja karakanani kwake kumwomba kura, na Absalom akampa mkono na neno lake. Angemnyimaje? Miaka miwili nyuma, mkewe Keziah alipozaa mtoto wa pili akiwa mfu kama wa kwanza, daktari huyu alikaa nao siku tatu akipambana na homa ya mama, akilala juu ya maranda ya mbao kama mbwa wa nyumba. Mtoto alizikwa. Keziah akapona. Kila Absalom alipomwona mkewe akikanda unga, alimshukuru Mungu kwanza na Daktari Thorne pili, na siku nyingine alikosea mpangilio.

Sasa Keziah alikuwa na mimba tena, ya kuzaa Juni. Na Absalom alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba mbunge aliyepita alichaguliwa majira ya kuchipua na Mei tu akapanda farasi kwenda Filadelfia, Bunge lilikokutana. Daktari akishinda, Juni atakuwa huko akibishana na watu kuhusu kodi na Wafaransa, na Marlow nzima haikuwa na daktari mwingine. Hofu hiyo Absalom hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, wahenga wamesema, lakini mwanamume mwenye kiburi cha kazi ya mikono ni mgumu kama pipa la mwaloni.

Asubuhi ya uchaguzi, Keziah alimpigia brashi kofia na kumtazama kwa muda.

"Umpe daktari kura yake," akasema. "Hilo la kuzaa ni langu."

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema. Lakini tangu juzi unajitafuna mdomo. Mimi ndiye ninayezaa, wewe ndiye unayepiga kura. Kila mtu na afanye ya kwake vizuri."

Absalom akavaa kofia, akaondoka.

Nje ya mahakama kulikuwa na ng'ombe mzima anayechomwa, na mapipa mawili ya pombe, moja la kila mgombea, yote mawili kazi ya Absalom. Watu weusi waliokuwa mali ya wenye mashamba walishika hatamu za farasi kwenye jua, na siku nzima hakuna aliyewauliza wanamtaka nani. Ndani, upande wa kulia, aliketi Kanali Burwell Pettigrew, mtu mpana, mwenye sauti ya kuita mbwa wa kuwinda. Kushoto aliketi Daktari Thorne na koti jipya la buluu. Mji mzima ulijua kwamba koti lile limeshonwa kwa ajili ya Filadelfia.

Foleni ilisogea. Wakati huo daktari alikuwa mbele kwa kura kama thelathini, na kila alipotajwa alinyanyuka na kuinama hadi wigi lake lilianza kupinda. Zamu ya Absalom ikafika. Daktari alipomwona alianza kunyanyuka hata kabla hajaulizwa, maana huyu alikuwa mtu wake.

Sherifu akamuuliza anampigia nani.

"Kanali Pettigrew," akasema Absalom, kwa sauti ndogo iliyomfanya karani amwombe arudie. Akarudia.

Daktari akarudi kuketi taratibu. Kanali, aliyeshangaa kuliko wote, alinyanyuka na kushukuru. Nyuma kwenye foleni mtu akasema, bila hata kunong'ona, kwamba shukrani ya punda ni mateke, na wengi walikijua kisa cha zile siku tatu, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Absalom alihisi masikio yakiungua. Angeweza kutoka, lakini jina hilo la punda lingetoka naye na kukaa nyumbani kwake. Akamgeukia daktari.

"Daktari, wewe ndiye uliyeniachia mke. Wanangu wawili wamelala chini ya mtufaha, na mama yao angekuwa nao kama si wewe. Juni anazaa tena. Ukienda Filadelfia, nani atakuwa naye? Mimi nakupenda kuliko wote waliokutaja leo. Ndiyo maana sikutaji."

Daktari alimtazama kwa mdomo wazi.

"Absalom," akasema. "Bunge linakutana Desemba."

"Desemba?"

"Mwanzoni mwa Desemba. Ile Mei ya mara iliyopita waliitwa kwa dharura. Juni yote nipo hapa. Hata kuvuna ngano nitakuwepo."

Hapo sasa watu walicheka, na kicheko kikapita mlangoni hadi kwa wachoma nyama. Absalom alimsihi sherifu amruhusu abadilishe. Sherifu, ambaye naye alikuwa akifuta machozi, akamjibu kwamba neno limetamkwa na kuandikwa, na halirudi. Maskini akasimama pale na kofia mkononi. Alikuwa amevunja ahadi kwa mtu aliyemwonea huruma kuliko ndugu, tena kwa kutojua kalenda.

Kwa desturi, daktari alipaswa kuangalia kucha zake. Badala yake alinyanyuka, akalinyoosha lile koti na kumwinamia.

"Leo nimesema asante zaidi ya mara mia kwa sababu ndiyo adabu," akasema. "Hii naisema kwa sababu nimeguswa. Asante, Bwana Rudd."

Mambo yangeishia hapo. Lakini aliyefuata kwenye foleni alikuwa mzee Ephraim Stoltz, mwenye kifua kibovu, naye alikuwa amesikia kila neno.

"Desemba, eh?" akasema. "Mimi kifua kinanibana Desemba mpaka Machi. Mwaka jana nani alinivusha? Sherifu, andika Kanali Pettigrew."

Baada yake akaja baba wa watoto sita, ambao kila majira ya baridi hushikwa na donda la koo. Kanali. Kisha mwenye mama kipofu. Kanali. Mmoja mmoja walimwinamia daktari kwa heshima kubwa, wakamnyima kura. Jua lilipozama, Daktari Thorne alikuwa ameshindwa kwa kura kumi na nne, na sidhani kama kuna mgombea aliyewahi kuangushwa kwa mapenzi kiasi hicho. Iliuma, hata hivyo. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na Jumapili hakuonekana kanisani.

Absalom alimsimulia Keziah yote, na mkewe akaketi chini, hakujua acheke au amrushie mwiko. Absalom alitengeneza ndoo nzuri ya mwerezi ampelekee daktari, akaifikisha hadi kwenye lango lake mara mbili, na mara mbili akarudi nayo kwa aibu.

Juni tarehe tisa, baada ya kifungua kinywa, uchungu ulianza. Absalom akakimbia bila kofia, akijiuliza njia nzima atasema nini kwa mtu yule. Hakufika hata daraja la mto. Daktari alikuwa anakuja juu ya farasi wake, mkoba umefungwa nyuma ya tandiko.

"Nimemhesabia wiki zake tangu siku ile ya mahakama," akasema. "Bunge halinisumbui, kama unavyojua. Panda."

Mtoto alitanguliza makalio, na kazi ikachukua hadi alasiri. Daktari alivua lile koti la buluu, akalitundika kwenye msumari karakanani, akakunja mikono ya shati. Absalom alikaa juu ya maranda, ameikumbatia ile ndoo, akiomba kwa maneno ambayo kanisani hayajasikika. Kisha kupitia ukutani akasikia kilio kikali, chenye hasira, ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani humo.

Alipoingia, Keziah alikuwa amejilaza, amepauka lakini mzima, na kifuani pake kitoto cha kike kikipiga kelele. Daktari akampita Absalom, akaenda kuchukua koti lake, akalivaa na kufunga vifungo vyote. Akarudi, akasimama mbele ya kitanda na kuinama kama alivyoinama mahakamani.

"Bibi Rudd mdogo," akasema, "nakushukuru kwa sauti yako."

"Huyo ni wa kike, daktari," akasema Keziah, akicheka na kulia pamoja. "Hatapiga kura maisha yake."

"Basi hii ameipiga leo, nami nimeihesabu."

Sasa ilikuwa zamu ya Absalom kusema asante. Akampa daktari ile ndoo.