Mmea Uliohama Buhare

Jumatatu asubuhi, Matrida akiwa anachagua mchele mlangoni pa chumba alichopanga Kamunyonge, mmea wake ulifika. Ulikuja kwa juu, umejizungushia nyaya za umeme, ukashuka kwenye nguzo iliyo jirani na choo, ukaukamata ukuta. Ulikuwa umetoka Buhare. Mwendo huo uliuchukua siku tisa.

Aliutambua kwa harufu. Aliupanda mwenyewe akiwa bibi harusi, kijiti alichopewa na masista kule Bunda, ukakwea ukuta wa nyumba aliyoijenga na mumewe, Nicolaus. Maua yake huchanua meupe, kesho yake yakawa ya manjano, na jioni harufu huingia mpaka kwenye sufuria. Nicolaus alipofariki, matanga yalipoanuliwa tu, Magige, shemeji yake Matrida, alihamia ndani na kumtolea masanduku nje.

"Umechelewa," Matrida aliuambia mmea, akaumwagia maji aliyooshea mchele.

Nyuki walifuata siku hiyohiyo, kisha wale ndege wadogo wanaoitwa chozi, wakichovya midomo yao mirefu kwenye maua. Mafundi wa umeme walikuja na ngazi, wakaunusa, wakapogoa mti mwingine. Jirani yake, Rhobi, akaanza kuanika nguo chini yake ili zinukie.

"Si unaona, umemjua mwenyewe," Rhobi alisema. "Nenda kashtaki. Shahidi unaye."

Matrida akaenda kwa wazee wa usuluhishi. Wanne kati yao waliufuata mmea kwa miguu, nguzo kwa nguzo, mpaka Buhare, wakiandika. Kwa Magige walikuta shina tupu ukutani, bila jani.

"Ulikuwaga unanukia sana," Magige alikiri. "Siku hizi hata nyuki hawaji."

Uamuzi ulisomwa Alhamisi. Maua, harufu, nyuki na ndege ni mali ya Matrida.

"Na nyumba?" aliuliza.

Mwenyekiti aligeuza karatasi, akatazama upande wa pili, kisha akamwangalia kwa huruma.

"Mama, nyumba haijakufuata."

Matrida aligeuza kichwa, kama anayesikiliza kitu barabarani. Halafu akatia sahihi, akarudi Kamunyonge. Mmea ulikuwa umeshaingia dirishani na kushika mguu wa kitanda. Alikisogeza, ukapata nafasi.

Huko Buhare, Magige alikuwa anapaka rangi ukuta, pale mmea ulipokuwa umeshika.