Mkanda Mwekundu wa Bayangizonda

Foleni ilianzia kwenye tangi la maji ikauzunguka ukumbi wote. Mbwa walifungwa kwa kamba, kwa nyaya, hata kwa mishipi ya suruali. Paka walitiwa ndani ya foronya, wakinguruma kama vyungu vinavyotaka kuchemka. Gari la daktari wa wanyama halikupangiwa kuja Ndwedwe wiki ile. Lakini mbwa koko mmoja mwenye kichaa alikuwa ameteremka mlimani akauma kila kilichosimama njiani, na alipouawa na kupimwa, majibu yakaja yale yale ambayo watu waliyaogopa.

Nokwazi, msaidizi wa daktari, alisimama mbele ya foleni na glavu zake. Kazi yake leo ilikuwa kutenganisha. Mbwa aliyeumwa lakini ana chanjo, huongezewa sindano akarudi kwao, afungwe na kuangaliwa. Aliyeumwa bila chanjo harudi. Mwaka jana kila mbwa aliyechanjwa alivalishwa mkanda mwekundu shingoni ili ajulikane hata kwa mbali. Nokwazi mwenyewe ndiye aliyewavalisha mikanda ile, na asubuhi hii, kila alipoona wekundu kwenye foleni, alishusha pumzi.

"Karibu, bibi. Huyu anaitwa nani?"

Bibi MaNgidi alitega sikio. "Eh?"

"Jina la mbwa!"

"Ah! Bazothini."

Watu wakacheka. Bazothini ni kusema, "sasa watasema nini?" Huku mtu aliyechoshwa na majirani haendi kugombana nao, humpa mbwa wake jina, kisha jioni humwita kwa sauti mpaka walengwa wasikie.

"Na wamesema nini hadi leo, mama?" akauliza Sokhela, mwanamume mnene aliyesimama nyuma yake na mbwa wake mweusi.

"Kamuulize mkeo. Si ndiye msemaji wao?"

Kicheko kikapanda tena. Hata Nokwazi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, alitabasamu na kuinamisha uso. Bazothini naye alitikisa mkia. Alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekunjika, na kwenye mguu wa mbele palikuwa na kidonda kibichi.

"Nimemwosha kwa maji ya chumvi," alisema bibi.

"Kwa mikono mitupu?"

"Sasa mwanangu, ningemwosha kwa miguu?"

"Bibi, leo leo uende zahanati. Na wewe unahitaji sindano."

"Nitakwenda. Mtengeneze huyu kwanza. Masikio yangu yamechoka, yeye ndiye anayenisikilizia. Mtu akifika mlangoni, huja kunigusa goti kwa pua yake. Na watoto wa jirani wakipita uani kwenda shule, lazima awasindikize, wakimvuta mkia yeye anacheka tu."

Nokwazi alipitisha kidole chini ya mkanda mwekundu. Ulikuwa umefifia, lakini alama ya gari ilikuwa bado inasomeka.

"Ana mkanda," alisema kwa sauti ya kusikika. "Usiogope, bibi. Ataishi."

Bibi MaNgidi alipiga kigelegele kimoja chembamba kilichoshtua paka kwenye foronya. Nokwazi akachukua bomba la sindano, akavuta dawa.

"Si niliwaambia?" Bibi aliwageukia wenzake. "Mkanda huu una nguvu! Ulimlinda mbwa wangu wa kwanza, Bayangizonda, yaani 'wananichukia', mpaka akafa kwa uzee wake, analala. Nilipomzika nikauvua. Nikasema, kitu kilichofanya kazi hivi hakifai kutiwa udongoni. Nikaufukiza kwa ubani wa wazee, nikamvalisha huyu mdogo wake."

Mkono wa Nokwazi ukasimama hewani. Taratibu akafunua mdomo wa Bazothini. Meno yalikuwa meupe, mapya, ya mbwa ambaye mwaka jana alikuwa bado hajazaliwa. Alikuwa ameangalia mkanda tu, hakuwa ameangalia meno.

Daktari Govender alikuwa amewapa mgongo, anamshona paka. Hakuna aliyeelewa bibi amesema nini, hata bibi mwenyewe. Nokwazi angeweza kuchoma ile sindano na kunyamaza. Aliliwaza hilo, na bibi akiwa amemshika mkono. Kisha akawaona akilini wale watoto uani, mikono yao midogo mkiani.

"Bibi," alisema polepole, "huyu hana chanjo."

"Eh?"

"Hana chanjo."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, sisikii."

Nokwazi tangu utotoni hakujua kupaza sauti. Sasa ilimbidi apige kelele mbele ya kijiji kizima. "Chanjo ilikuwa ya Bayangizonda! Mkanda haulindi, bibi! Mkanda ni alama tu! Hatuwezi kumrudisha nyumbani!"

Daktari akageuka.

Bibi MaNgidi alitazama mkono wake mwenyewe, palipokuwa na ukanda wa ngozi ya mbuzi aliovalishwa na ukoo, ambao haukatwi mpaka uanguke wenyewe. "Ni kwa sababu niliuvua?" aliuliza. "Ningeuacha uanguke?"

"Hapana, bibi. Si hivyo."

"Basi mvalishe mwingine. Mpya."

Daktari alikuja akachuchumaa, akamshika bibi bega, akamwambia kila kitu tena, taratibu, karibu na sikio. Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia asiyotaka kuipita. Alimshika Bazothini kichwa mpaka mwisho. Mbwa aliendelea kutikisa mkia hata sindano ilipoingia, kisha akaacha.

Bibi aliomba apewe mkanda. Ilibidi aambiwe kwamba hata huo utachomwa. Akaondoka na kamba tupu mkononi kuelekea zahanati. Mtu alimwita kwa nyuma mara mbili, hakusikia.

"Anayefuata," alisema Nokwazi.

Sokhela hakusogea. Kidole chake kilikuwa chini ya mkanda mwekundu wa mbwa wake mweusi. "Dada," alisema, macho chini, "huyu wangu na kaka yake... mkanda ni mmoja. Huwa wanapokezana. Sasa sikumbuki ni yupi aliyechomwa."

Nokwazi aliinua macho. Shingo zilikuwa nyekundu mpaka kwenye tangi la maji, na kando ya kila shingo, mkono wa mtu ulikuwa unagusagusa mkanda.